Haludi ya Ijumaa

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita na mimi bado nipo, jambo ambalo daktari hakulitarajia na mimi sikulitilia shaka. Moyo umechoka kusukuma. Miguu inajaa maji, na nikilala chali pumzi inakatika. Daktari alianza kunizungushia maneno, nikamwambia, "Mwanangu, nimesomesha kemia skuli za Unguja tangu wazazi wako hawajaoana. Sema." Akasema. Masika hii huenda ikawa ya mwisho. Basi nitaiandika, maana mtu anayeondoka hupenda kujua anaondokaje.

Kitanda changu kimeshushwa sebuleni, chini, kwa sababu ngazi za nyumba hizi za Mkunazini zilijengwa kwa watu wenye magoti. Chumba nnakigawana na baiskeli. Ni ya mjukuu wangu wa kike, Rasha: ya gia, matairi mapana yenye meno, breki za diski, yaani bamba la chuma la mviringo katikati ya gurudumu linalobanwa na pedi mbili ndogo. Rasha kamaliza masomo ya kilimo na kapata kazi ya majaribio kituo cha kilimo cha Kizimbani. Anazungukia wakulima waliogaiwa miche ya mikarafuu, kuangalia ipi imeshika na ipi inaoza. Miche hupandwa mvua ikinyesha, kwa hiyo kazi yenyewe ni matope mwanzo hadi mwisho, na gari halifiki huko. Atakayeweza kuyafikia mashamba yake masika nzima ataajiriwa.

Baba yake ni mwanangu Sleiman, mwenye duka la vitambaa Darajani, aliyefiwa na mkewe tangu Rasha yuko skuli. Leo wakati wa chai alimwambia, "Ikikuangusha mara moja tu naiuza. Na utatafuta kazi ya kukaa kitini."

"Hainiangushi, Baba."

"Kila mwenye baiskeli huanguka."

"Basi na wewe usipande ile ngazi ya dukani."

Sleiman alificha mdomo ndani ya kikombe ili tusimuone anacheka. Lakini namjua. Alilolisema atalifanya.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imefunguka alfajiri, kubwa, ya kupiga mabati kama imetumwa.

Ijumaa nyumba yetu hufukizwa udi, na anayetoka mlangoni kwangu hutoka akinukia. Hivyo nilivyolelewa na mama. Haludi yangu, manukato ya udi ya kujipaka, ni nzito, nyeusi, ya Maskati, na tone moja kiganjani linatosha wageni watatu. Leo nimeitazama baiskeli nikaona nayo ni mtu wa nyumba. Nimeipaka kwenye usukani, kwenye kiti, na kwenye yale mabamba mawili ya gurudumuni yanayong'aa kama bangili. Nikaisomea dua. Rasha, ambaye Ijumaa haendi mashambani, alikuwa anaoga na sikumwambia. Vijana huona haya kuombewa.

Jumapili, 6 Aprili

Jana Rasha karudi kalowa hadi kwenye soksi, analalamika kwamba breki zinalia na hazikamati sawasawa. Leo kaja fundi wake, Pandu. Ni mtu wa Tumbatu, mrefu, domo kubwa, kijiwe chake kipo ubavuni mwa Darajani karibu na duka la Sleiman. Aliinamisha pua kwenye baiskeli kabla hajafungua chochote.

"Shikamoo, Mwalimu. Hii baiskeli inanukia kama bi harusi. Mimi nimezoea za kunuka mbuzi."

"Marahaba. Fanya kazi yako."

"Nimejipaka manukato mimi," alisema Rasha. "Tatizo liko wapi?"

"Hakuna tatizo. Nnafikiria wakulima tu, wanavyokusubiri kwa hamu."

"We Pandu!" nikamkemea, na yeye akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Aliyafuta mabamba, akasugua pedi kwa msasa, akampa Rasha baiskeli aijaribu uchochoroni. Zinakamata. Akasema ni udongo mwekundu wa Kizimbani, una utelezi wake. Nikamwambia maelezo hayo si ya kisayansi. Akasema yeye hakusoma sayansi, kasoma baiskeli.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua haijakata tangu juzi. Ukuta wa sebule umeanza kutoa chumvi.

Kila jioni Rasha akirudi, mimi ndiye msimamizi wa usafi. Nakaa kitandani na mito mitatu mgongoni, natoa amri, na zinafuatwa. Tope lisiachwe likauke. Maji yamiminwe kwa kata, taratibu, kutoka juu. Yasirushwe kwa mpira, kwa sababu maji yenye nguvu huingia kwenye beringi na humo ndimo kutu inapozaliwa. Cheni isuguliwe kwa mswaki mkuukuu, ifutwe kwa kitambaa cha pamba (Sleiman analeta vipande dukani, kwa kununa), iachwe ikauke, ndipo itiwe mafuta tone kwa tone, kisha ifutwe tena. Mafuta yanayobaki nje ya cheni hayana kazi ila kukusanya mchanga. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno kwa masika, mvua moja huyaondoa. Ya nazi nimeyapiga marufuku kabisa. Yanaganda, yanachacha, na panya wa Mkunazini wanayapenda.

Na zaidi ya yote nimemwambia, mkono wenye mafuta usiguse bamba la breki. Breki ni msuguano. Tia tone moja la mafuta baina ya pedi na chuma, umekwisha.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema, kama wanafunzi wangu wa zamani walivyokuwa wakisema, na kwa utundu uleule.

Nilikuwa namdhania mvivu. Nimekosea. Mtoto anasugua meno ya gia moja moja huku anasinzia, na halali hadi kazi iishe.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Udi, haludi, dua. Mimi na baiskeli tunanukia sawa.

Jumapili, 13 Aprili

Breki tena. "Jumamosi tena!" Rasha alisema, akaitupa kofia ngumu juu ya kitanda changu. Pandu akaja, akakuna kichwa, akatoa pedi zile akaweka mpya. Akalaani wenye maduka wanaouza vipuri bandia. Sleiman alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Wiki iliyopita ulisema udongo," alimwambia.

"Wiki iliyopita ilikuwa udongo, Bwana Sleiman."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo haitakuwa kitu, inshallah."

Pandu alipoondoka, Sleiman akaniambia, "Mama, huyu hajui kazi. Anakuja kunywa chai." Sikumtetea Pandu. Nilikuwa na mashaka naye mimi pia. Mtu anayecheka sana kazini humfanya mwalimu amtazame mara mbili.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku nzuri. Mvua ya asubuhi tu. Rasha kanieleza habari za mkulima wa huko bondeni, mzee Matar, anayemwita "daktari wa miche" na kumuonyesha kila mche kama anayempeleka mtoto kliniki. Anasema miche ya Matar imeshika yote. Anasema amejifunza kupunguza upepo wa matairi kidogo ili yashike tope, na kushuka mteremko kiwiliwili kikiwa nyuma ya kiti. Alinionyesha mkao huo katikati ya sebule. Sikuwahi kumuona mtu wa ukoo wetu akiwa na furaha kama hiyo kwa sababu ya kazi. Sisi tulikuwa watu wa kumiliki mashamba. Kuyatembelea ilikuwa shughuli ya wengine.

Ijumaa, 18 Aprili

Kama kawaida yangu. Nimezidisha kidogo, kwani kesho anakwenda shamba la mbali.

Jumapili, 20 Aprili

Rasha ameanguka.

Alikuwa anashuka mteremko wa Kidichi jana mchana, mvua inanyesha, sanduku la vipimo mgongoni. Mbele yake akatoka mwanamke na ndoo kichwani. Rasha akabana breki zote mbili hadi vipini vikagusa usukani, na baiskeli ikaendelea kama hajabana kitu. Akaona hana budi kuchagua baina ya yule mama na mtaro. Akachagua mtaro. Kifundo cha mkono wa kushoto kimetenguka, goti limechanika, na sanduku limevunjika. Yule mama wa ndoo ndiye aliyemtoa mtaroni, akamfunga goti kwa kanga yake.

Waliileta baiskeli kwa kigari cha mizigo, wakaiegemeza mahali pake, miguuni pangu. Sleiman alikuwa juu na binti yake. Nilikuwa peke yangu nayo.

Nikainuka. Nilitaka kuona ni kitu gani kilichomuangusha mtoto wangu. Nikashika gurudumu la mbele nikasogeza uso. Tope, majani, na chini yake harufu ninayoijua kuliko jina langu, lakini imeungua, kama udi uliosahauliwa kwenye makaa. Nikapitisha kidole kwenye bamba. Kilitoka na utando mweusi unaoteleza. Nikakinusa.

Haludi ni mafuta. Mafuta mazito, yasiyokaushwa na maji wala jua. Ningemfelisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeshindwa kunijibu hilo. Lakini kwa muda wote huu kichupa kile hakikuwa mafuta kichwani mwangu. Kilikuwa manukato, adabu na dua. Jumatano nilimkataza Rasha asiguse bamba kwa kidole chenye mafuta, na Ijumaa nikalipaka kwa kiganja kizima. Ijumaa kwa Ijumaa. Na kila Jumamosi breki zikafa, na sote tukaulizana kwa nini ni Jumamosi.

Sleiman aliposhuka alinikuta kitandani. Akasema, "Nimeshasema na ninatenda. Naiuza. Lakini kwanza nina neno na yule fundi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo wangu mzima, akili zangu timamu. Nikasema, "Mpe mtoto dawa ya maumivu baada ya kula, si kabla."

Jumatatu, 21 Aprili

Amekwenda Darajani na kumpigia Pandu kelele mbele ya soko zima. Jirani yangu Radhiya alikuwepo, amekwenda kununua samaki, na kaja kunisimulia buibui bado halijavuliwa.

"Bi Shariffa, mwanao leo! Kamwita muuaji. Kamwambia kavaa ufundi kama nguo ya kuazima. Watu wamejaa mpaka wauza ndizi wameacha ndizi zao."

"Na Pandu?"

"Kimya. Pandu! Mtu asiyenyamaza hata akitafuna. Kasimama tu na pampu mkononi."

Bwana Nahodha, anayekodisha baiskeli kwa watalii na aliyekuwa akizitengeneza zote kwa Pandu, alikuwa anapita. Alasiri akatuma watu kuja kuzichukua baiskeli zake.

Sleiman ametia mnyororo na kufuli kwenye baiskeli, akaifunga kwenye nguzo ya ngazi. Hajaiuza bado, anatafuta mnunuzi. Rasha hasemi nami wala naye. Wakuu wake Kizimbani wamempigia simu: apone kwanza, na akirudi na njia ya kufika mashambani, nafasi yake ipo. Asiporudi nayo, watamuelewa, lakini watampa mwengine.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Nimejiambia kwamba mgonjwa hatakiwi kujishughulisha.

Alhamisi, 24 Aprili

Kila anayekuja kuniona husema lilelile, na mimi hujibu lilelile. "Tusameheane, Bi Shariffa, niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua." "Nimekusamehe, nawe nisamehe." Ni desturi nzuri. Mtu hasafiri na mizigo ya watu. Nilikuwa nimeshika mkono wa Radhiya ndipo fikra ikanijia, safi, kama jawabu la hesabu. Nitamwita Pandu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, na Sleiman alikwenda Fumba kwa rafiki yake. Nikamtuma Radhiya amlete Pandu.

Aliingia bila mzaha hata mmoja. Alisimama mbali na baiskeli kana kwamba ina maradhi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sogea. Unaniona nilivyo."

"Nnakuona, Mwalimu."

"Nimekuita tusameheane. Kama nimekukosea, kwa nililolijua na nisilolijua, nakuomba radhi."

Uso wake ukalainika. Akapiga goti kando ya kitanda changu, jitu lile, akanishika mkono. "Mimi? Wewe hujanikosea kitu. Nshakusamehe duniani na akhera. Na mimi nisamehe, mtoto kaumia mikononi mwangu. Kila nikilala naziona zile pedi. Sijui nilikosea wapi, Mwalimu. Wallahi sijui."

Nikamjibu, "Nimekusamehe."

Nimeandika hivyo, na sitalifuta neno hilo. Nilimsamehe kwa kosa langu. Akaondoka akinishukuru.

Jumatatu, 28 Aprili

Usingizi hakuna. Radhiya anasema ni maji kwenye mapafu. Nimemwambia ndiyo.

Nimesahihisha mitihani ya watoto maisha yangu yote, na hakuna nilichokichukia kuliko jawabu sahihi lililoibiwa. Msamaha ninao. Kauweka mkononi mwangu kwa heshima zote. Lakini nilimuuzia gunia lililofungwa, akanunua bila kulifungua, akidhani ndani mna mambo ya watu wazima: neno kali, salamu isiyojibiwa. Ndani mna riziki yake. Nitakwenda kusimama mbele ya Mola wangu na karatasi kama hii? Atanirudishia.

Hapana. Mimi si mtu wa kukopia.

Ijumaa, 2 Mei

Sijapaka haludi. Mvua imepungua, kuna jua kidogo.

Jumamosi, 3 Mei

Nimesema. Nilimtaka Sleiman abaki baada ya chai, Rasha ashuke, na Radhiya amlete Pandu. Sikuwapa muda wa kukaa.

"Breki hakuharibu Pandu. Niliziharibu mimi. Kila Ijumaa nilipaka mabamba haludi. Nilijua tangu siku aliyoanguka Rasha. Sleiman, uliposema unakwenda kumkabili, nilijua. Nikanyamaza."

Rasha ndiye wa kwanza, na sikutegemea: alicheka. Kicheko cha puani, hakuweza kukizuia. "Bibi! Haludi! Na zile hotuba zako zote za msuguano!" Kisha akafunika uso kwa mkono mzima, na sikujua tena kama anacheka.

Uso wa Sleiman ulisawijika. "Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu uliniamini. Inapendeza kuaminiwa."

Pandu alikuwa ameinama kwenye gurudumu, ananusa. Aliponyanyuka hakuwa na hasira usoni, alikuwa na kitu kama nafuu. "Bi harusi," alisema polepole. "Nilisema mwenyewe, siku ya kwanza. Ee Pandu!" Kisha akanigeukia. "Mwalimu, ule msamaha nilokupa juzi niliutoa kwa mgonjwa. Sikuutoa kwa hili. Huo naurudisha mfukoni."

"Haki yako. Sasa nakuomba wa hili."

"Mimi nnaweza kukupa hapahapa. Lakini Nahodha hayupo hapa, wala wauza ndizi hawapo. Niliyoyasikia niliyasikia sokoni. Aje aliyeyasema, ayaondoe palepale."

Sote tukamtazama Sleiman.

"Nilisema nilichokijua wakati ule," alisema. "Siendi kujivua nguo Darajani."

"Basi nnakwenda mimi," nilisema. "Navua zangu."

"Mama, huwezi hata kufika mlangoni."

"Na nikifa kabla?" nilimuuliza Pandu.

Alilifikiri. "Usife," alisema.

Alhamisi, 8 Mei

Sikufa. Ilibidi kungoja siku yenye jua, na nguvu za kukaa wima. Leo vilikuja pamoja.

Rasha na Radhiya walinibeba na kiti hadi barabarani, wakaniingiza kwenye bajaji. Mwendo ni mfupi kiasi kwamba dereva aliona haya kudai nauli. Sijakanyaga Darajani tangu mwaka jana. Harufu ya papa mkavu, embe zilizoiva kupita kiasi, matope ya soko. Ningeweza kulia kwa furaha, ila sikuwa nimekwenda kwa hilo.

Waliniweka penye kijiwe cha Pandu. Hakukuwa na baiskeli hata moja. Alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunja na kukunjua kitambaa. Akanyanyuka. Watu hawahitaji kuitwa wakimuona bibi kizee ameketi katikati ya njia.

"Bibi anauza nini?" mmoja akauliza.

"Nauza aibu. Sogea, ni mali mpya."

Wakacheka, wakasogea. Nahodha alikuwa upande wa pili na Rasha akaenda kumshika mkono wa kanzu. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani. Ilikuwa imebaki kidogo, nikaitumia yote.

"Mwanangu Sleiman alimwita fundi huyu muuaji, mahali hapa. Mjukuu wangu alianguka kwa sababu breki zilikuwa na mafuta. Mafuta niliyatia mimi. Nilikuwa napaka baiskeli haludi kila Ijumaa, kwenye chuma cha breki, kwa baraka. Pandu alizisafisha kila wiki na mimi nikazichafua kila wiki. Nilipojua, nilinyamaza hadi akakimbiwa na wateja. Pandu hana kosa. Mimi ninalo, na nimekuja kumuomba radhi kwa hayo mawili: mafuta, na kunyamaza."

Watu walitazamana, wakipima kama ni mzaha. Kisha muuza ndizi akasema, "Haludi ya wapi, Bibi?"

"Ya Maskati."

"Ah! Basi baiskeli imekula vizuri kuliko mke wangu."

Soko likapasuka. Nahodha hakucheka. Alimtazama Pandu muda mrefu, mtu na mtu. "Kwa nini hukujitetea?"

"Ningesema nini? Breki zilikuwa mikononi mwangu. Nilidhani ni mimi."

Nahodha akakohoa. "Baiskeli zangu zitaletwa Jumatatu," alisema. "Lakini Bi Shariffa asizikaribie."

Pandu alinijia, akapiga goti kwenye matope ya Darajani, na safari hii hakuharakisha. "Nimekusamehe kwa mafuta," alisema kwa sauti kubwa. "Na nimekusamehe kwa kunyamaza. Hilo la pili lilikuwa zito zaidi, Mwalimu."

"Najua."

"Basi nenda kalale. Unanizibia njia."

Tulipoondoka niligeuza shingo. Sleiman alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake na mita ya kupimia nguo mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Akaingia ndani.

Ijumaa, 9 Mei

Nimelala siku nzima. Pumzi fupi, moyo mwepesi. Kufuli bado ipo kwenye ngazi. Rasha kafungua bandeji, anazungusha kifundo cha mkono mbele yangu asubuhi na jioni. Kizimbani wanataka jawabu kesho.

Jumamosi, 10 Mei

Alfajiri Sleiman kashuka, kakaa ukingoni mwa kitanda changu. Mvua ilikuwa imerudi. Alisema, akitazama sakafu, "Mama, nisamehe. Kwa ninalolijua na nisilolijua."

Nikasema, "Hapana. Kwa lipi?"

"Mama."

"Litaje. Mimi nimelitaja langu mbele ya wauza ndizi, wewe unaona haya mbele ya mama yako?"

Alianza kunyanyuka, akakaa tena. Kisha akasema, "Nilipopigiwa simu kwamba Rasha kaanguka, na nikaambiwa ni mzima, nilifurahi. Kwa dakika moja. Nikasema, sasa atabaki nyumbani na wewe. Mimi dukani kutwa, Radhiya ana kwake. Nnaogopa, Mama. Kila nikifungua mlango jioni nnasimama kwanza kizani nisikilize kama unapumua. Sikutaka kuiuza baiskeli kwa ajili yake. Nilitaka awe hapa, ili siku hiyo nisiikute mimi peke yangu. Na Pandu… nilihitaji mtu wa kumpigia kelele."

Mtu huyu nimemzaa, nimemfundisha kusoma, na masika yote nimemuandika humu kama mtu wa kununa tu.

Nikamshika sikio, kama zamani. "Nimekusamehe kwa hilo la furaha. La Pandu si langu, utampelekea mwenyewe. Na siku hiyo ikifika, Sleiman, utaikuta. Utaniosha uso, utaita watu, utaweza. Mimi nakuambia utaweza, na sijawahi kukosea alama za mwanafunzi ninayemjua. Sasa mtoto anachelewa."

Alifuta macho kwa ncha ya kanzu. Akatoa ufunguo mfukoni, akaenda kwenye ngazi. Kufuli ilikuwa imeshika kutu kwa unyevu na haikufunguka, akaanza kuitukana kwa sauti ya chini. Rasha akaja mbio na kichupa cha mafuta ya cheni.

"Tone moja tu, Baba. Na usiguse diski."

"Nimesikia," alisema Sleiman, na akainamisha kufuli mbali na gurudumu.